Leo Bibi Pura Hafi

Wenzangu mliokulia London siku zile simu ya Tanga inapigwa kwa kadi ya kukwangua, kadi ambayo kabla hujamaliza kuwaamkia wote waliojipanga upande wa pili imeshakata, njooni tukae tukumbushane. Wanangu nikiwasimulia habari hizi wananitazama kwa huruma, kama vile nilizaliwa pangoni. Hawajui kwamba kulikuwa na wakati mtu anatembea mpaka maktaba kwa ajili ya kujua jambo moja tu, analishika kichwani njia nzima lisimponyoke, na akifika nyumbani analigawa kama andazi la moto, kila mtu kipande chake.

Sisi tulikaa Thornton Heath, juu ya duka la Mama Jaya. Tulikuwa watatu: Mama, mimi, na mdogo wangu Yona. Tulikuwa na chumba kimoja na jiko la kubanana, na dirisha lililotazama barabara kuu, mabasi yakipita vikombe vinagongana kabatini. Mama Jaya alikuwa Mhindi mzaliwa wa Tanga. Nyumba yake ilikuwa Kenton, na kila asubuhi alivuka London nzima kuja kufungua duka lake la unga wa dona, mihogo, dagaa, ubani na nywele za bandia. Harufu ya duka ilipanda kwetu kupitia mbao za sakafu, kwa hiyo sweta langu la shule lilinuka bizari na dagaa mwaka mzima, na nimeshapigana na watu kwa sababu hiyo. Kiswahili chake kilinyooka kuliko changu. Nikimwambia "Hujambo, Mama Jaya," alinikazia macho, "Mimi rika lako?" na pipi sipewi mpaka niseme shikamoo.

Mama alifanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, zamu ya alfajiri. Aliondoka sisi tumelala, Mama Jaya akatukagua soksi na masikio kabla ya shule, na tukirudi saa kumi Mama alikuwa ameshafika, ameloweka miguu kwenye beseni la maji ya moto na chumvi. Sheria ya nyumba ilikuwa moja: "Hapa ndani ni Muheza. Uingereza inaanzia nje ya mlango." Mimi nilikuwa na miaka kumi na niliitii sheria hiyo kwa shingo upande. Yona, miaka minane, aliivunja kila siku. Alielewa kila neno, lakini jibu lilitoka kwa Kiingereza, Mama anamjibu kwa Kiswahili, na maisha yanasonga.

Mwaka ninaousimulia, Bibi mzaa mama alikuwa mgonjwa huko Muheza. Tulilijua hilo kwa namna watoto wanavyoyajua mambo ya wakubwa, nusunusu. Tulijua pia kwamba Mama hawezi kwenda kumwona. Pasipoti yake ilikuwa kwa watu wa uhamiaji, na kama angetoka kabla hawajamjibu, asingeruhusiwa kurudi, na sisi tupo huku. Basi akawa anauguza kwa mbali. Simu hatukuwa nayo, kwa hiyo Mjomba Stefano, kaka yake, alipiga dukani kwa Mama Jaya, naye akagonga dari kwa mpini wa ufagio. Mama akisikia dari imegongwa alishuka ngazi bila viatu. Akipanda tena tulimtazama usoni kwanza, kabla ya kuuliza lolote.

Mwaka huohuo kikatujia kitabu kimoja. Tulikiona maktaba, siku ya mvua tuliyoingia kujipasha moto tu. Jalada lilikuwa na jumba jeusi, dirisha moja limewaka taa nyekundu, na msichana anakimbia peku na gauni la kulalia. Vitabu vya namna ile vyote vina msichana anakimbia na gauni la kulalia. Sijui kwa nini hawavai viatu kwanza. Mama hakuwa mtu wa hadithi za kutisha. Alikishika amwonyeshe Yona kisha akirudishe mahali pake, akafungua ukurasa wa kwanza, akaganda. Akausoma tena. Halafu akapaza sauti mpaka watu wote maktaba wakageuka: "Jamani, mkonge!"

Maana jumba lile lilikuwa katikati ya shamba la mkonge, huko Meksiko, upande wa Yukatani. Na Mama alizaliwa kambini, kwenye mkonge wa Muheza. Baba yake alikuwa mkata mkonge, na mama yake, huyo Bibi aliyekuwa mgonjwa, alianika nyuzi kwenye nyaya miaka na miaka mpaka viganja vikapoteza mistari. Mwandishi alisema nyuzi zile zinapepea usiku kama nywele za wafu. Mama alicheka peke yake njia nzima ya kurudi nyumbani. "Nywele za wafu! Kwani huyu bwana hakuwaona wanawake wanaozianika?"

Kuanzia siku hiyo, saa kumi na nusu, giza la Novemba bado halijafika ila baridi imeshaanza, tulipanda kitandani wote watatu chini ya blanketi moja, Mama katikati. Macho yake yalisoma Kiingereza na mdomo ukatoa Kiswahili, papo hapo, bila kusita, na mpaka leo sijaona mkalimani wa kumfikia. Yeye hakutafsiri neno, alitafsiri mahali. Jumba la tajiri likawa bangaloo ya meneja. Mashine ya kusindika mkonge ikawa korona, kama wanavyoiita Tanga, na harufu yake ya kuoza akaieleza mpaka Yona akaziba pua. Vibarua wakawa manamba, na msimamizi akawa mnyapara mwenye filimbi. Visima vya kule, yale mashimo makubwa ya mwambani yenye maji ya buluu, alisema ni kama mapango ya Amboni yaliyojaa maji. Akatuambia na mkonge wetu wenyewe asili yake ni huko huko Meksiko, uliletwa na Mjerumani, na wazee kambini walisema miche ilifichwa tumboni mwa mamba aliyekaushwa. Sasa nambie, mtoto ukishaambiwa habari ya mamba kubeba miche tumboni, hadithi ya mizimu itakutisha nini?

Ndivyo nilivyokuja kuaibika shuleni. Mwalimu alitandaza ramani akauliza nani anajua Meksiko iko wapi. Mkono wangu ulikuwa wa kwanza. "It's just after Muheza, Miss," nikasema, na kwa kuwa alionekana hajaelewa nikamsaidia, "near Tanga." Darasa zima likaangua kicheko. Nilirudi nyumbani nimevimba. Mama alipoacha kucheka akanifuta machozi kwa upande wa kanga, akaniambia mwalimu hajafika kote duniani.

Hadithi yenyewe ilikuwa hivi. Msichana yatima aitwaye Eulalia anapelekwa kwenye jumba lile kumtunza bibi kizee tajiri, Bibi Pura, ambaye hashuki kitandani. Mpwa wa bibi huyo, Don Anselmo, mwanamume wa glavu nyeusi asiyezivua hata kula, anangoja bibi afe ili shamba liwe lake. Kengele ya kanisani inalia bila mtu kuivuta. Picha za mababu ukutani zinahamisha macho. Kuna chumba kimefungwa kwa kufuli na ndani mtu anatembea. Eulalia ana kazi moja tu, kuhakikisha Bibi Pura anaiona kesho. Tulimpenda yule bibi kupita kiasi. Alikuwa mkali, mbishi, anakunywa uji wake kwa kelele, na Mama alimpa sauti ya puani iliyotuvunja mbavu. Tukiingia kutoka shule, kabla hata ya kuvua makoti, tuliuliza, "Mama, Bibi leo ameamkaje?" Mama anatikisa miguu yake kwenye beseni, anasema, "Ameamka vizuri. Amegomea uji, lakini ameamka."

Michezo yetu yote ikawa hiyo. Yona alivaa soksi zake nyeusi za shule mikononi, akawa Don Anselmo anayenyata ngazini. Mimi nikawa Eulalia, na gauni la kulalia nilivaa juu ya sweta kwa sababu mimi nina akili. Watoto wa Kijamaika wa nyumba ya pili walikuja kuwa manamba na mizimu. Tulikimbia uchochoroni nyuma ya duka, katikati ya maboksi ya mihogo, mpaka Mama Jaya atoke na ufagio na kututawanya. Siku hizi nikimwambia mwanangu akacheze nje ananiuliza, "Play what?" Swali zuri. Nje hakuna chaji.

Mwezi wa kumi habari za Muheza zikawa mbaya. Bibi alikuwa hawezi tena kukaa mwenyewe. Na hapo hadithi ikaanza kwenda polepole. Mwanzoni hatukugundua. Tuliona tu kwamba kila jambo la hatari linapokaribia, linatokea jambo jingine. Siku moja Don Anselmo alikuwa ameshaushika mto, anamwinamia Bibi Pura amzibe pumzi, mara akasimama wima akaanza kueleza jinsi mahindi yanavyochemshwa na chokaa huko Meksiko, maganda yabanduke, kisha yasagwe yatoke chapati laini. Alieleza jioni nzima, mto uko mkononi. Yona alikasirika mpaka akasimama kitandani. "Mum, is he gonna kill her or is he gonna cook?" Mama akafunga kitabu kwa kidole ndani. "Leo hafi," akasema. "Leo Bibi Pura hafi. Nendeni mkanawe tule."

Kumbe Mama akitoka zamu alipitia maktaba. Kulikuwa na vile vitabu vizito vya elimu ya mambo yote, visivyoazimishwa. Alisimama pale na sare yake ya kazi, akasoma habari za Meksiko, akaziandika nyuma ya karatasi chakavu na kuzipachika katikati ya kitabu chetu. Tulijifunza mengi majira yale kuliko miaka yangu yote ya sekondari. Don Anselmo akasafiri mpaka mji mkuu kutafuta sumu, akakwama huko wiki nzima, maana mji ule umejengwa juu ya ziwa na unazama kidogokidogo, na milango ya makanisa imepinda. Bibi Pura akawa anafuga kwenye beseni mnyama mmoja wa kule, mfano wa mjusi wa majini, ambaye anazeeka na sura ya kitoto, na akikatwa mguu unaota mwingine. Tuliambiwa nyanya, parachichi, pilipili, kakao, bata mzinga na vanila vyote vilianzia upande ule wa dunia. Yona alitazama sahani yake ya mchuzi kwa mashaka. Ukweli ni kwamba Bibi Pura alikuwa ameshachoka kungojewa, na Eulalia ameshachoka kukimbia, lakini kila Mama alipofungua ukurasa, mtu mwingine alipita akiwa na jambo la kufundisha.

Halafu ikaja wiki ya maua. Sikukuu ya Diwali ilikuwa imepita siku chache, na Mama Jaya alipanda kwetu na mfuko umejaa yale maua ya rangi ya machungwa wanayotungia mashada. Mama aliyapanga dirishani ndani ya vikombe vyetu vyote, tukanywea chai kwenye bakuli. Akatuambia maua haya nayo asili yake ni Meksiko, na huko, mwanzoni mwa Novemba, watu huwatandikia meza wafu wao. Wanaweka mkate, sukari iliyofinyangwa mfano wa fuvu, na chakula kile marehemu alichokipenda, na wanamwaga maua njiani ili asipotee anapokuja kula. Msimu huohuo, alisema, mamilioni ya vipepeo hushuka kutoka kaskazini kuingia misitu ya kule, na watu husema ni roho zinarudi nyumbani. Aliposema hivyo akawa anatafuta mstari kwa kidole. Nikamwonyesha mimi mstari, kwa kiburi cha mtoto anayejua kusoma.

Kwenye hadithi, Bibi Pura aliamuru meza itandikwe. Na Mama naye akaweka sahani dirishani, katikati ya maua: muhogo wa kuchemsha na kikombe cha uji. Tuliona ni burudani ya kitabu. Wiki hiyohiyo alishusha godoro sakafuni akasema mgongo unamsumbua, na sisi tukafurahi, maana godoro chini ni jahazi, ni jukwaa, ni chochote unachotaka. Mama Jaya akawa analeta chakula kila jioni, kichri ya mchele na dengu, chapati, viazi vya bizari. Yona akasema natamani Diwali isiishe. Mama alisukuti sana siku zile, na nywele hakusuka. Lakini saa kumi na nusu ikifika alikaa katikati yetu, akafungua kitabu, na Bibi Pura akaamka akaulizia uji.

Sasa nifike pale nisipopapenda. Kiingereza changu kilikuwa kimeshampita Mama kwa matamshi, nilikuwa nalijua hilo na nilikuwa najivuna. Nilikuwa nimechoka kungoja. Jumamosi moja mwishoni mwa Novemba, Mama ameshuka dukani kununua unga, nikakichukua kitabu nikasoma peke yangu, haraka haraka, nimejificha nyuma ya pazia. Nikatafuta habari za chokaa, hazipo. Nikatafuta yule mjusi, hayupo. Wala vipepeo. Nikamtafuta Bibi Pura, nikamkuta ukurasa wa tisini na sita. Alikuwa amekufa. Alikufa bila kelele, mistari mitatu tu, na kuanzia ukurasa wa tisini na saba watu wanagombea urithi.

Ningeweza kunyamaza. Lakini nani katika umri ule ananyamaza akijua jambo asilolijua mwenzake? Tulipokaa kula nikasema, tena kwa Kiingereza, ili liume vizuri: "She's dead, Mum. Page ninety-six. She's been dead for ages and you've been making it up."

Mama aliweka tonge lake chini. Hakunigombeza. Nilitaka anigombeze. Akasema kwa upole, "Kumbe umeshasoma." Halafu akasema, "Basi kimekwisha." Jumatatu alikirudisha kitabu maktaba. Yona alilia, akanipiga ngumi ya mgongo, na nilistahili. Jumapili iliyofuata, tukitoka kanisani, Mama alitukalisha kwenye benchi akatuambia Bibi wa Muheza amefariki.

Mnaona mtoto wa miaka kumi alivyopanga mambo kichwani. Nimesoma, nikasema, na Bibi akafa. Sikumwambia mtu. Nilikua nalo, nikaolewa nalo, nikazaa nalo. Nimekuwa mtu mzima mwenye kazi na funguo za nyumba, ninacheka na wenzangu ofisini, lakini mpaka leo siwezi kuchungulia mwisho wa kitabu chochote. Hata tamthilia, mwenzangu akianza kusema nani anakufa, natoka sebuleni. Na kile kitabu nimekitafuta mitandaoni miaka na miaka. Jina la mwandishi silikumbuki, jina la kitabu silikumbuki, nakumbuka gauni la kulalia tu, na mkiandika "gauni la kulalia, jumba, usiku" mtaona wenyewe mnaletewa nini.

Majira haya ya baridi Mama alikuja kukaa nasi Stratford wiki mbili. Sasa ni mstaafu, magoti hayamtaki, ila ulimi uko palepale. Binti yangu, ambaye naye ana miaka kumi, alipewa kazi ya shule kuhusu Meksiko. Aliiuliza simu, simu ikamjibu, akanakili, akafunga. Dakika nne. Mama alikuwa mezani anachambua mchicha, akamtazama akiondoka, akaniuliza, "Nchi nzima, dakika nne? Na chokaa ameiandika?"

Sijui kilichonipata. Labda ni lile neno chokaa. Nilijikuta nimekaa mbele yake nalia, mwanamke mzima, namwambia yote, pazia, ukurasa wa tisini na sita, benchi la kanisani. Nikamwambia, "Mama, mimi ndiye niliyemmaliza Bibi."

Mama alisimamisha mikono kwenye mchicha. "Wewe? Bibi yako alikuwa kaburini wiki tatu kabla hujagusa kitabu hicho."

Nikaacha kufuta machozi.

"Mjomba wako alipiga asubuhi, nimetoka kazini mapema siku ile, nimesimama dukani nachagua mihogo. Mama Jaya akafunga duka. Akanikalisha chini juu ya magunia, akakaa na mimi. Yale maua ulidhani ya nini?"

"Si ulisema ya Meksiko."

"Ya Meksiko, ndiyo. Na ya mama yangu."

Nikauliza habari ya godoro, ingawa jibu lilikuwa limeshanifika. Nimehudhuria misiba mingapi hapa London, nimekaa kwenye mikeka nyumba ngapi, nimewapelekea chakula wafiwa wangapi kwa sababu mfiwa hawashi moto wake, na miaka yote hiyo sikuwahi kuliunganisha. "Mama yangu amekufa," Mama akasema, "ulitaka nilale kitandani?"

"Lakini kwa nini hukutuambia?"

Alirudi kwenye mchicha wake. Akachambua majani matatu manne kabla ya kujibu. "Ningewaambia, mngelia. Ningewabembeleza ninyi, halafu mimi nani angenibembeleza? Na alfajiri kazi inaningoja. Nikasema ngoja kwanza nipate nguvu. Halafu mkawa mnaingia pale mlangoni hamjavua hata makoti, mnaniuliza, 'Mama, Bibi leo ameamkaje?' Najua, mlikuwa mnamuulizia yule wa kitabuni. Lakini hakuna mtu mwingine London nzima aliyekuwa ananiuliza hali ya mama yangu. Nami nikapata mahali pa kujibu. Nasema ameamka. Nasema amekunywa uji. Basi ile siku inanipitia."

Nikamuuliza kama nisingekifungua kile kitabu angeendelea mpaka lini. Hakufikiri. "Mpaka watu wa uhamiaji wanijibu, niende nikalione kaburi."

Wenzangu, karatasi za Mama zilitoka baada ya miaka mitatu.

Nilimshika mkono wenye maji ya mchicha nikampa pole ya msiba. Ndiyo mara ya kwanza kumpa. Akajibu kama wanavyojibu watu wa kwetu, "Nimeshapoa, mwanangu," kisha akageuzia uso upande wa sinki, akafungua bomba, akaliacha likimwaga maji bila kuosha kitu.

Siku hizi mtu akifa Muheza asubuhi, kabla hajaoshwa picha yake imeshawekewa mshumaa kwenye grupu la familia. Watu mia wameandika apumzike kwa amani, na anayefuata anauza viatu. Wanangu hawafichwi kitu na hawangoji kitu. Pengine ni nafuu, maana Mama asingebeba peke yake. Sisi tulikaa ndani ya matanga wiki tatu tunacheka, tunaruka juu ya godoro la mfiwa, na hatukujua. Lakini natamani zile jioni kwa namna inayouma. Natamani blanketi lile, baridi ile ya dirishani, bega lake la kulia lililokuwa langu na la kushoto lililokuwa la Yona. Ningerudishiwa, nisingekuwa na haraka ya kujua mwisho. Ningeingia kutoka shule na koti langu mwilini, nimuulize Mama Bibi ameamkaje, na kesho nimuulize tena, na keshokutwa, miaka yote mitatu, mpaka ile barua ya watu wa uhamiaji ije.